Nilivyomaliza udaktari wa majani kwa siku kumi na mbili, na mama mkwe akaupika

Wakuu wa ukutani, salaam kwenu nyote, mliokaa na mliosimama juani.

Najua karatasi ya mwisho kubandikwa hapa ilikuwa ya yule jamaa aliyedai kamwona chui amekaa kwenye behewa kama abiria. Mkamshambulia kwa mkaa mpaka karatasi ikawa nyeusi. Mimi sina habari za chui. Haya yamenikuta mwenyewe, na mashahidi wako hai, ingawa wawili kati yao hawapendi kuulizwa.

Kwa mgeni aliyeshuka na treni leo: ukuta huu wa duka la Jivan ndio baraza letu hapa Morogoro. Mwenye kisa anabandika, mwenye maoni anaandika chini yake kwa mkaa. Asiyejua herufi za Kizungu amwombe jirani amsomee. Jivan analalamika kwamba tunasoma bila kununua, basi nunueni hata chumvi, tusije tukafukuzwa.

Twende kazi.

Wiki iliyopita mlibishana hapa: mtu mwenye kichwa cha sayansi anaweza kumaliza masomo ya juu kabisa, yale ya kuitwa daktari, kwa muda gani? Mmoja akasema miaka mitano, mwingine akasema mpaka mvi zitoke.

Jibu ninalo. Siku kumi na mbili.

Msinune. Someni kwanza.

Mimi ni Saidi, mtu wa Kinole, juu huko milimani. Nilisoma shule ya serikali kule pwani miaka mitatu, na kwenye hesabu na elimu ya viumbe sikuwahi kuwa wa pili. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Sasa hivi namfanyia kazi Mdachi mmoja anayekusanya mimea ya Uluguru. Anachuma jani, analibana baina ya karatasi mpaka likauke, analiandikia jina refu kuliko lenyewe, kisha analipeleka Ulaya. Jina lake halitamkiki, kwa hiyo mji mzima unamwita Bwana Majani.

Si mtu mbaya. Shida yake ni moja. Anakula vyakula vya makopo asubuhi, mchana na jioni, na makopo yale yamemfunga choo. Anaingia msalani na kitabu, anatoka amekimaliza kitabu na hajafanikiwa jambo jingine lolote. Siku ya kwanza hivi anakuwa mkimya. Siku ya nne anagombana na viatu. Ikifika ya saba sisi wafanyakazi tunatembea kwa ncha za vidole, maana hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya serikali, iko karibu, na kiboko kinaning'inia pale mlangoni pa boma kila mtu anakiona.

Shikeni hilo la makopo, tutalirudia.

Sasa mimi nilikuwa na mchumba. Zena, binti wa juu ya Bigwa. Nampenda na sioni haya kuliandika ukutani. Zena alikuwa ndani, mwali, mwezi wa nane haoni jua, na siku ya kumtoa ilikuwa imebaki wiki mbili.

Watu wa pwani mtauliza baba yake alisemaje. Kwetu Waluguru binti ana mjomba. Baba yupo, anaheshimiwa, anakunywa uji wake, lakini neno ni la mjomba. Na mjomba huyu, Mzee Shomari, alikuwa amepata mposaji wa pili.

Karani wa stesheni.

Mnamfahamu. Suti nyeupe, kofia ya kazi, na saa ya mfukoni ambayo huitoa hata ukimuuliza jina lake. Alikuwa amemwambia Mzee Shomari kwamba mwanamume asiye na cheo cha elimu ni sawa na nyumba isiyo na paa. Mzee akaniita, nikapiga shikamoo yangu vizuri, akaitikia, akasema: "Saidi, wewe mtoto mzuri, lakini unabeba majani. Mwenzio ana kofia. Siku ya kumtoa mwali, mwenye cheo kikubwa ndiye atakayemchukua. Nenda kakitafute."

Wakuu, nilishuka mlima ule sioni njia. Wiki mbili! Cheo kinaokotwa wapi kwa wiki mbili?

Kesho yake nikamuuliza Bwana Majani, ambaye alikuwa anatoka kwenye homa na hana la kufanya, yeye aliitwa daktari baada ya muda gani.

"Miaka saba," akasema.

"Saba, bwana? Mbona mingi?"

Akaanza kueleza. Mwaka mmoja profesa wake aliumwa, wakamsubiri apone. Mwaka mmoja alisubiri kitabu fulani kitoke mji mwingine. Mwaka mmoja alimpenda binti wa muoka mikate, binti hakumpenda. Miaka miwili, akasema, ni bia.

"Na kovu hilo la shavuni?" nikauliza. Sisi wote tuliamini ni la simba.

Akalipapasa kwa fahari. Kumbe huko kwao wanafunzi hukatana nyuso kwa panga, kwa makubaliano, kisha wanakwenda kunywa. Hapo palipita mwaka mwingine, pamoja na kushonwa.

Sasa mimi hesabu naijua. Nikatoa ugonjwa wa profesa, nikatoa kitabu, nikatoa muoka mikate, bia na panga. Ukabaki mwaka mmoja. Nikamuuliza mwaka huo alisoma mfululizo? Akafikiri, akasema palikuwa na baridi sana, hawakutoka kitandani mpaka Machi. Kuanzia Aprili likaja joto, wakaenda kuogelea mpaka mwaka ukaisha. Na Jumapili. Na sikukuu. Nikatoa vyote, nikafika kama siku ishirini. Na hizo ni za mtu aliyeanza bila kulijua jani hata moja. Mimi nimekulia ndani ya majani.

Nikasema, "Bwana, mimi nitamaliza kwa siku kumi na mbili."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini Mdachi ukimchezea hesabu anaingia. Akasema: lete swali lako mwenyewe, ambalo hakuna aliyelijibu. Lete majani yenyewe, yaliyokaushwa sawasawa. Andika kitabu. Kisha kitetee mbele ya wajuzi watatu. Ukishinda, mimi nakuandikia hati kwa mkono wangu na kuigonga mhuri. "Schnell!" akaongeza, na hilo kwao maana yake usiniongezee maneno, kimbia.

Nikakimbia.

Swali nililipata kwa bibi yangu. Kuna jani linaota kandokando ya vijito, tunaliita jani la wazee, kwa sababu wanapewa wazee ambao tumbo limesahau kazi yake. Hilo kila Mluguru analijua. Lakini je, jani la bondeni na jani la juu, lipi linafanya kazi upesi zaidi? Hakuna aliyewahi kuliuliza, labda kwa sababu aliyelihitaji hakuwa na subira ya kupima.

Nilianza bondeni, mto Morogoro, nikapanda mpaka karibu na Lupanga kwenye ukungu. Nilichuma majani arobaini, kila moja mahali pake. Niliuliza mabibi kumi na sita. Nililijaribu mwenyewe mara tatu, na sehemu hiyo mtanisamehe nairuka, ila niseme tu kwamba la juu lina haraka kweli. Mara ya tatu nilikuwa Msamvu, na namshukuru Mungu kwamba Msamvu ni pori.

Saa sikuwa nayo, hiyo ni ya karani. Nilipima kwa kivuli. Nikaandika kurasa kumi na nne, kwa hati nzuri, hatua kwa hatua.

Siku ya kumi na mbili ikafika. Mtihani ukapangwa nyumbani kwa Mzee Shomari, maana yeye ndiye aliyetakiwa kuuona. Wajuzi watatu: Bwana Majani, Mwalimu Hamadi wa chuo cha Kurani, na Mzee Shomari mwenyewe, ambaye elimu yake kubwa ni kukataa.

Karani akaja pia. Hakualikwa. Alikuja kuniangalia nikianguka, na suti imepigwa pasi.

Nilifika mapema, manyunyu yanaanguka. Kurasa zangu nilizitia kifuani ndani ya kanzu, lakini majani yangeingia unyevu. Sasa angalieni kosa langu. Nikaingia jikoni hakuna mtu, nikalining'iniza furushi la majani kwenye uchaga juu ya moto, likae kavu. Pembeni yake palikuwa na mafurushi mengine, majani ya kunde, yale ambayo mama zetu hukausha kwa ajili ya mboga.

Jani la wazee likikauka linafanana na jani la kunde. Mimi daktari mtarajiwa nililijua hilo. Nililiandika ukurasa wa tatu.

Nikatoka, nikakaa upande wa pili wa ua. Mara namwona mama yake Zena, dada wa Mzee Shomari wanaokaa ua mmoja, anaingia jikoni, anainua mkono kwenye uchaga, anateremsha furushi. Langu.

Wakuu, mnajua desturi. Mkwe hasemeshwi. Mkwe haangaliwi usoni. Nikimwona njiani naingia kwenye nyasi mpaka apite. Posa yangu ilikuwa bado ina uhai, kwa hiyo yule mama alikuwa mkwe wangu. Nikifungua mdomo kumwambia yeye neno moja tu, Zena nimempoteza hapo hapo. Nikinyamaza, udaktari wangu unaingia chunguni, na Zena nimempoteza baada ya chakula.

Nilikohoa. Akaendelea kuosha. Nilikohoa tena kama mtu wa kifua kikuu. Akamimina maji.

Pale uani palikuwa na mbuzi amefungwa. Nikamgeukia mbuzi, kwa sauti ya kusikika jikoni: "Mbuzi wee, majani mengine si ya kula! Mengine ni ya kusomea!"

Kisha sauti ya mama kutoka jikoni, naye anamwambia mbuzi: "Mbuzi, mwambie huyo mgeni asome vitabu vyake. Jikoni kuna mwenyewe."

Nikasikia karanga zinatwangwa. Ikaisha hiyo.

Mtasema kwa nini sikuwaambia wanaume. Niwaambie nini? Kusema mbele ya wageni kwamba chakula cha mkwe kina kasoro ni kumtukana mkwe. Na kumwambia Mdachi kwamba amepikiwa dawa ya kuendesha ni kujiandikia hamsa ishirini. Na nikiri kitu kimoja, kwa sababu niliahidi ukweli. Ndani kabisa, mahali padogo, nilitaka kuona.

Kwetu mgeni hahojiwi wala hahoji kabla hajala. Ukaletwa ugali, ikaletwa mboga ya karanga inanukia mpaka nikasikitika. Bwana Majani, siku ya tisa hiyo tangu afanikiwe mara ya mwisho, alikuwa ameshagombana na viatu na sasa anagombana na mkeka. Akaonja. Akaonja tena. Akavuta bakuli.

Karani akala mara tatu, ili mjomba aone jinsi anavyopenda mapishi ya ukweni.

"Wewe huli?" Mwalimu Hamadi akaniuliza.

"Nimefunga, mwalimu."

"Jumatano?"

"Nalipa deni la Ramadhani."

Akanitazama, akasema maashallah, akachukua tonge la mwisho.

Wakanawa mikono. Tukakaa, wakaongea habari za mvua, muda ukaenda. Bwana Majani akasema, "Haya. Majani yako wapi?"

"Bwana," nikasema, na hapa sikusema uongo hata chembe, "majani yapo humu humu ndani. Nitayaonyesha mwishoni. Naomba nianze na kitabu."

Nikafungua kurasa. Nikasoma bondeni, nikasoma mlimani, nikafika ukurasa wa tisa, sehemu ya dalili.

"Kwanza," nikasoma, "tumbo la mlaji hutoa sauti kama mtu anayevuta kitanda chumba cha pili."

Tumbo la Mwalimu Hamadi likavuta kitanda.

"Pili, jasho jembamba hutoka juu ya mdomo."

Karani akatoa kitambaa.

"Tatu, mlaji huacha kuongea, akaanza kutazama mlango."

Wote wanne walikuwa wanatazama mlango. Kisha, taratibu, wakaacha kuutazama mlango na kunitazama mimi. Wakuu, sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu.

"Nne," nikaendelea, "kabla kivuli cha mtu hakijawa sawa na urefu wake..."

Sikumaliza sentensi. Choo kilikuwa kimoja, nyuma ya migomba, na Bwana Majani, kama serikali, alitangulia. Mwalimu akaishika migomba yenyewe. Mzee Shomari, kwa heshima zote za umri wake, alikwenda shambani kwake kwa mwendo ambao vijana wa kijiji wanausimulia mpaka leo. Karani, mwenye suti, aliona pote pamejaa, akateremka kuelekea mtoni, saa inaning'inia kwa mnyororo inampiga magotini. Hakufika mtoni.

Nikabaki peke yangu na mbuzi. Nilikuwa nalia, sina aibu kusema. Niliona kiboko, nikaona Zena anatoka nje na kukabidhiwa kofia.

Mlango wa choo ukafunguka. Bwana Majani akatoka, polepole. Uso wake haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa umefunguka kama wa mtu siku ya Idi.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa, Saidi!"

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanitikisa, akaniita Herr Doktor, yaani Bwana Daktari. Akaomba kiti, akaomba wino, akaandika hati pale pale juu ya goti na kuigonga mhuri. Alisema kule kwao madaktari wanatetea vitabu vyao kwa maneno, hajawahi kuona hoja ikiingia kwa mwamuzi namna hii. Kisha akanyanyuka ghafla, akarudi alikotoka, anaimba.

Mwalimu Hamadi aliporudi alisema yeye hana swali.

Akabaki Mzee Shomari. Alikaa upande, si kawaida yake.

"Saidi. Ulijua?"

"Nilijua, mjomba."

"Ukanyamaza."

"Ningesema na nani, mjomba? Aliyekuwa jikoni ni mkwe."

Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani ni hasira, kumbe mzee anacheka na kucheka kunamletea hatari nyingine. Akanyanyuka haraka. Alipofika kwenye mahindi akageuka, akapaza sauti: "Karani angemfokea dada yangu! Mchukue Zena, na usinifuate huku!"

Zena akatolewa nje siku ya tatu yake, amepakwa mafuta, ngoma inalia, na mimi niko mbele na hati yangu imebandikwa kwenye ubao. Karani alituma salamu kwamba ana zamu stesheni.

Lakini wakuu, kisa changu hakijaishia hapo, na ndiyo maana nimeandika.

Wiki moja baada ya harusi, tukiwa bado tunakaa pale pale ukweni, mama mkwe akaniletea chakula cha kwanza cha ukwe. Sahani imefunikwa. Akaiweka mbali kidogo, mgongo amenipa, akasema na mbuzi: "Mbuzi, mwambie mkwe wangu, ile mboga iliyowafurahisha wageni ilibaki. Nimemwekea yeye."

Nikafunua. Majani, na karanga juu.

Kukataa chakula cha kwanza cha mkwe hakuwezekani. Nikala. Nikala yote, nikalamba na vidole, jasho linanitoka kabla hata ya dalili ya kwanza. Kisha nikasimama uani, juani, nikawa napima kivuli changu kwa nyayo.

Kivuli kikarefuka. Tumbo kimya.

Kikawa sawa na mimi. Kimya.

Kikanipita. Zena akatoka ndani akanikuta bado nimesimama nahesabu nyayo.

"Unapima nini?"

"Kivuli. Mama kanipa yale majani, na hayafanyi kazi!"

Zena alicheka mpaka akakaa chini. "Hizo kunde, mume wangu. Kunde tupu. Mama kazaliwa mlima huu huu, unadhani atashindwa kulijua jani la wazee? Suti ya yule karani ilikuwa inamkera tangu siku ya kwanza."

Nilikaa chini pembeni yake. Nikakumbuka lile neno lake, jikoni kuna mwenyewe. Siku kumi na mbili, kurasa kumi na nne, mhuri wa Mdachi, na mtu aliyekuwa akiendesha mtihani ule alikuwa jikoni anatwanga karanga.

Kesho yake nikamfuata mbuzi. "Mbuzi, mwambie mama, Daktari Saidi anashukuru sana kwa chakula."

Naye akamjibu mbuzi: "Mbuzi, mwambie daktari mwenzangu arudishe sahani."

Basi wakuu, nililojifunza ni kwamba masomo ya juu yanaweza kumalizwa haraka sana, hasa ukiondoa bia. Lakini kabla hujajitangaza, chungulia kwanza jikoni ujue nani amekutangulia.

Nafasi nimeacha chini, mkaa muombeni Jivan. Nikosoeni, nitukaneni kidogo, semeni mliowahi kupikiwa elimu yenu. Mwenye shida ya makopo anione bomani nimshauri. Na wewe karani, najua unasoma huku umejificha nyuma ya magunia: andika tu, hapa hatung'ati.